Bastola ya Mwalimu Wilma

Hapa kwetu Tillman, kusini mwa Ohio, karibu kila mtu ambaye hajaanza kuota mvi alifundishwa kusoma na mwanamke mmoja, Wilma Trautwein. Kamfundisha fundi wa matrekta, kamfundisha muuguzi wa zahanati, kamfundisha hata mchungaji wetu, ingawa kuhusu huyo Wilma husema wazi kwamba kazi bado haijaisha. Mimi ni Opal Denning, msaidizi wake darasani. Nafunga kamba za viatu, nafuta makamasi, namchemshia kahawa chungu anavyoipenda. Tumekaa pamoja muda mrefu mpaka wageni hutudhania ndugu, na yeye huwajibu kwamba angepewa nafasi ya kuchagua ndugu angeomba mwenye akili zaidi.

Kwao ni wakulima wa mahindi. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi bunduki akamfundisha Wilma. Kila majira ya baridi alijaza friza yake nyama ya kulungu, na iliyobaki akatugawia majirani. Marehemu mumewe, Lloyd, alikuwa akiona damu anakaa chini. Kazi yake ilikuwa kuoka pai. Msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa, Jumatatu ile shule yetu haifunguliwi kabisa, maana hata ikifunguliwa hatakuja mwanafunzi wala mwalimu. Nasema haya mapema ili mtu asije akanieleza kwamba Wilma aliogopa bunduki. Huyo mama alikuwa akiweza kumchuna kulungu huku anakusimulia habari za kanisani.

Mwaka mmoja watoto waliuawa katika shule moja mbali na kwetu, na hofu ikafika hadi Tillman. Bodi ya shule ikatuita kwenye ukumbi wa michezo kujadili kama walimu wapewe bastola. Aliyesimama kwanza ni Dwight Rausch, mjumbe wa bodi, mfugaji wa nguruwe mwenye sauti ya mnada.

"Polisi wa kaunti akitoka mjini mpaka hapa, kahawa imeshapoa," alisema. "Mnataka watoto wamsubiri? Jamani, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ufa gani huo unazibwa kwa baruti, Dwight?" mama mmoja akamuuliza kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Kisha Wilma akasimama. Ukumbi ukatulia, maana nusu ya waliokaa mle aliwahi kuwasimamisha kwenye kona.

"Mimi nawinda tangu nikiwa na miaka tisa," alisema. "Kulungu hana bunduki, hanipigi, na bado nimewahi kumkosa. Asubuhi mkono wangu mmoja una chaki, mwingine una mtoto. Hiyo bastola mnataka niishike na mkono upi?"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Halafu bodi ikapiga kura, na bastola zikapita. Sharti lilikuwa moja: watakaobeba watajulikana na mkuu wa shule na bodi tu. Kila mmoja angefunzwa peke yake, kwa wiki yake, na hata wao kwa wao wasijuane. Dwight alieleza kwamba adui asipojua nani anayo, atawaogopa wote. Niliona ni maneno ya busara wakati ule. Tulikuwa na hofu, na mwenye hofu hununua chochote anachouziwa.

Sasa, pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa michezo, Gary Pruitt. Moyo wake ni dhahabu, lakini kichwa chake, Mungu amsaidie. Aliwahi kuisahau simu yake ndani ya jokofu la jikoni, akashinda akiilalamikia shule nzima kwamba ina wezi. Huyu Pruitt alianza kusema kwenye chumba cha walimu kwamba yeye wakimpa yuko tayari. Wilma akawa anamtazama juu ya kikombe chake cha kahawa.

Kiangazi kikapita, shule ikafunguliwa, nami nikaona jambo. Watoto wa darasa la kwanza kila asubuhi mlangoni walikuwa wakimkumbatia Wilma, na mtoto wa miaka sita akikukumbatia kichwa chake kinafika kiunoni. Sasa Wilma akawa anapiga magoti kabla hawajamfikia, anawashika mabega, anawasukuma ndani taratibu. Magoti yenyewe mabovu, kuinuka mpaka ashike ukuta. Siku moja binti mdogo, Junie Amstutz, alimuwahi. Akarudi kwangu akisugua paji la uso, akaniambia, "Mwalimu ana jiwe kwenye nguo."

Watoto walipotoka kucheza nilifunga mlango.

"Una nini kiunoni, Wilma?"

"Uzee."

"Uzee gani wenye mpini?"

Alipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Heri nusu shari, Opal," alisema mwisho. "Nilimfuata mkuu wa shule, nikamwambia niandike mimi, Pruitt usimpe. Yule anatafuta filimbi yake shule nzima, na iko shingoni mwake."

"Na mkuu akasemaje?"

"Aliitikia kwa kichwa."

Nilitaka kumgombeza, nikajizuia. Kama ni lazima abebe mtu, ni nani ningemchagua zaidi yake?

Ilikuwa Jumanne, siku ya pili ya msimu wa kulungu. Alfajiri Dwight Rausch alikuwa amempiga kulungu dume kwenye shamba lililopakana na shule, akamjeruhi tu, mnyama akakimbia. Kwetu sisi, kumwacha mnyama uliyemjeruhi akafe peke yake ni aibu ambayo hata wajukuu wako watatajiwa. Basi Dwight akawa anafuata matone ya damu kwenye theluji, macho chini, bunduki begani, akavuka uzio wetu mfupi bila hata kuinua kichwa. Mtu aliyepitisha sheria ile kwa mkono wake mwenyewe aliingia uwanja wa watoto na bunduki, na hakuona ajabu yoyote. Katibu wa shule, binti mgeni kutoka mjini, alimwona kupitia dirishani. Naye akafanya alivyofundishwa, akabonyeza kitufe cha hatari.

Kipaza sauti kikasema: "Fungeni milango. Hili si zoezi."

Watoto wetu walijua. Hata sikuwaambia. Walikwenda kwenye kona ambayo kioo cha mlango hakiioni, wakakaa chini, wakaziba midomo kwa viganja. Wilma mwenyewe ndiye aliyewafundisha, kwa kuwafanyia mchezo, tena kwa subira ileile aliyofundishia herufi. Mtu akigonga? Hatufungui. Akikuita jina? Huitiki. Hata ikiwa ni sauti ya Mwalimu? "Hata ikiwa ni sauti ya Mwalimu," walikuwa wakijibu kwa pamoja, kwa sababu mtu mbaya anaweza kumshika Mwalimu na kumlazimisha awaite.

Wilma akanipa ufunguo. "Funga nyuma yangu."

"Unakwenda wapi? Watoto si hawa hapa."

"Mwenye bastola anatoka, Opal. Ndiyo kazi yenyewe."

Hilo sikuwa nimelijua. Hata leo nikilifikiria nasisimka. Tulimpa silaha awalinde watoto, kisha kanuni ikamwamuru awaache. Nilifunga. Nikazima taa, nikakaa sakafuni nao, Junie akaja mapajani mwangu.

Yaliyotokea koridoni niliyasikia baadaye, lakini nitayasema hapa ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Korido yetu inalizunguka darasa letu na kukata kona penye maktaba. Wilma alipokata kona ile aliona mtu amesimama, mwanga wa dirisha uko nyuma yake, bastola mkononi imemwelekea yeye. Kidole chake kilianza kuvuta. Papo hapo akaona filimbi kifuani pa mtu yule. Alikuwa Pruitt. Mkuu wa shule alikuwa amewapa wote wawili, na kila mmoja akaapishwa asimwambie mwenzake. Wilma akautupa mkono kushoto wakati risasi inatoka. Pruitt hakuguswa. Risasi iliingia ukutani, na kuta zetu ni za jipsamu nyembamba, hazizuii risasi, na nyuma ya ukuta ule tulikuwa sisi.

Mimi niliona makoti ya watoto yakiruka kwenye misumari yake. Vumbi jeupe likamwagika. Nilijua ni risasi kabla masikio hayajaniambia. Hakuna mtoto aliyepiga kelele. Nimelea, nimezika, nimeona mengi, lakini sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama watoto wa miaka sita waliopigiwa risasi wakabaki kimya. Nilisikia joto likinilowesha sketi, nikajua Junie amejikojolea, naye hata hakuguna.

Kisha nyayo zikaja mbio, mlango ukapigwa kwa viganja.

"Opal! Opal, kuna aliyeumia?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Halafu nikafikiri: kuna mtu nyuma yake, amemshika. Nikakifunga.

"Opal, ni mimi. Niko peke yangu, bastola nimeiacha chini kule. Nakuomba, shoga yangu. Nijibu neno moja tu."

Watoto wote walikuwa wananitazama mimi. Junie alinyoosha mkono akaniwekea kidole midomoni, asije mtu mzima akawaharibia.

Kisha Wilma akaanza kuita majina.

"Amstutz, Junie."

Akasubiri, kama anavyosubiri kila asubuhi. Junie alinikazia macho, akatikisa kichwa.

"Bauer, Eli."

Akasubiri.

"Dillard, Rosalee."

Aliita darasa zima. Kila jina alilipa nafasi yake, na kila nafasi ikabaki tupu, na sauti yake ikawa inashuka chini ya mlango, nadhani alikuwa ameshakaa sakafuni. Majina ya mwisho sikuyasikia, nilisikia pumzi tu. Mimi nilikuwa ndani, nawaona wote wazima, na neno moja langu lingemponya. Sikulisema. Siku ile ingerudi nami nisijue ninachokijua leo, nisingelisema vilevile, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mkuu wa shule alipokuja na ufunguo wa akiba na polisi wawili, Dwight alikuwa ameshapatikana amepiga magoti chini ya bembea kando ya kulungu wake, anashangaa kelele za nini. Pruitt alikuwa anatapika chooni. Mlango ulipofunguliwa Wilma hakuingia kwa miguu. Aliingia kwa magoti na mikono, akaja kwenye kona yetu, akaanza kushika vichwa kimoja kimoja, nyuso, vifua, mikono, anageuza, anarudia ambao ameshawashika. Hakuna aliyeumia. Koti moja tu lilikuwa na tundu, mbele na nyuma.

Junie akashuka mapajani mwangu, akasimama mbele yake na nguo yake iliyolowa. Alikuwa anang'aa uso.

"Mwalimu, umetuita wote na hakuna hata mmoja aliyeitika," alisema. "Tumefanya vizuri?"

Wilma, ambaye hajawahi kumnyima mtoto sifa yake alipopatia, alimtazama, midomo ikacheza, neno halikutoka. Mtoto akabaki anasubiri. Basi nikamjibu mimi. Nikamwambia ndiyo, mmefanya vizuri sana.