Mtawa Aliyenivurugia Nyumba

Mimi ni fundi cherehani hapa Bertrams, na wivu wangu haukwenda shule. Juzi nilimsikia mke wangu, anayesoma chuo kule Randburg, akimwambia mwenzake kwenye simu, "Yule mtawa wa Katalonia ananimaliza. Anajua kumsifu mwanamke, si kama huyu wangu."

Jumamosi nikavaa suti niliyojishonea, nikamfuata hadi darasani, nikasukuma mlango.

"Huyo mtawa yuko wapi?"

Mwalimu akaonyesha mchoro ukutani. "Ndiye huyo. Aliacha monasteri akaenda kuimba mapenzi. Alikufa mamia ya miaka iliyopita."

"Baba Neema," mke wangu akasema taratibu, "kaa basi, umsikilize."

Nikakaa. Waliposoma shairi lake la kumsifu mwanamke, nikaona kumbe wivu wangu ulikuwa wa haki.