Debe Langu Halikutiwa Mkono

Shuleni kwetu, huku milimani Kasulu, watoto hawapewi nyama wala dagaa mchana. Wanakula ugali na maharage, siku nyingine kisamvu cha karanga. Mwanzoni wazazi wengine walinung'unika, eti hicho ni chakula cha msibani. Nikasimama mkutanoni nikawauliza wao walikuzwa na nini. Wakacheka, wakakubali. Ndivyo nilivyotiwa kwenye kamati ya chakula, mimi niliyeacha shule darasa la pili.

Kazi yangu ikawa kupokea maharage, kila nyumba debe moja baada ya mavuno. Ya juu sikuyaangalia. Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko nikatoa ya chini, maana watu nawajua: mapya juu, ya zamani chini. Maharage yaliyolala misimu mitatu hayaivi hata uyachemshe kutwa. Jirani yangu, mjane aliyeolewa huku kutoka Mabamba, alileta yaliyotobolewa na wadudu. Nikamwambia mbele ya watu, "Haya kawape mbuzi." Akajitwika debe lake. Kesho yake akaleta mazuri. Alikoyatoa sijui.

Na langu je? Mavuno yalikuwa machache, na mapya niliyataka kwa chungu changu. Nikachukua ya zamani niliyoyahifadhi kwenye majivu yasitobolewe na wadudu, nikayapepeta, juu nikatandaza mapya, kina cha vidole vinne. Nani angezamisha mkono kwenye debe la mpokeaji?

Wazazi tunapika kwa zamu. Siku debe langu lilipofunguliwa, mjukuu wangu wa darasa la tatu aliondoka nyumbani akirukaruka: leo shule nzima inakula maharage ya bibi. Nyumbani hapakukalika. Saa saba nikaenda.

Zamu ilikuwa ya yule jirani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria, macho mekundu kwa moshi, kuni zote zimekwisha. Watoto walikuwa wamekula ugali na mchuzi mtupu, maharage wameyaacha pembeni ya sahani kama kokoto. Mwalimu mkuu alikuwa akimgombeza kwamba amechelewa kuwasha moto. Mjukuu wangu akanikimbilia akilia.

"Bibi, ameyaharibu maharage yetu. Mwambie!"

Jirani alinitazama. Alikuwa ameyaosha asubuhi kwa mikono yake, majivu yangu alikwisha kuyaona majini. Nikangoja aseme. Akamgeukia mtoto.

"Kuni zilikuwa mbichi, mwanangu. Nisamehe."

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko hata lile debe. Kinywa changu, kilichomfukuza yule mama mbele ya watu, siku hiyo hakikufunguka.

Nilikaa hivyo siku mbili. Ya tatu nikajitwika mapya yote yaliyobaki ndani, nikampitia jirani kwake, nikamwomba anisindikize. Shuleni, mbele ya mwalimu mkuu na wenzangu wa kamati, nikasema maharage yale yalikuwa ya zamani na nilijua. Kisha nikamwambia jirani azamishe mkono.

Akasema, "Acha, mama. Nimekuamini."

"Usiniamini. Zamisha."

Akazamisha hadi kwenye kiwiko. Watu hawakucheka, afadhali wangecheka. Mjukuu wangu alikuwa dirishani mwa darasa lake, akaangalia chini.

Siku hizi anayepokea ni yule jirani. Mimi napanga foleni na debe langu, na zamu yangu ikifika nalifungua mwenyewe kabla hajaniambia.