Fildi ya Mwenye Mvi

Kwa miaka mingi nimewahubiria vijana kwenye safu hii wasichague kazi. Sasa nimerudi chuo kusomea uhasibu, na wiki iliyopita nilikwenda kampuni moja ya mbao Makambako kuomba fildi, yale mafunzo ya kazini ya wanachuo.

Binti wa mapokezi alipiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yupi?"

"Anayetafuta fildi."

"Ni mimi."

Akaziba mdomo kwa kiganja, akaingia ndani kumweleza bosi. Nikasikia sauti: "Mwambie mzee, mlinzi tumeshapata."

Hata hivyo niliitwa. Bosi, kijana wa rika la mwanangu, aliinuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikaitikia kwa sauti nzito, nikavuta kiti bila kukaribishwa. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Akasema kwa upole, "Mzee, mtu wa fildi hapa ndiye tunayemtuma chai. Wewe nitakutumaje?"

Nikaaga, nikatoka.

Jumatatu najaribu Njombe mjini. Jana nilisimama mbele ya kioo nikijizoeza: "Shikamoo, bosi."

"Marahaba," mke wangu akaitikia kutoka jikoni. "Kalete kuni."