Nyuzi Ndani ya Damu

Mimi ndiye niliyegundua ugonjwa wa binti yangu, kabla ya daktari na kabla ya baba yake. Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja hapa Songea, miaka ile ambayo maduka ya mjini yalianza kujaa sabuni na khanga za kila aina wakati kabati letu la dawa za vipimo lilikuwa tupu nusu ya mwaka. Hadubini yetu ilikuwa ya tundu moja la kuchungulia. Umeme ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo niliiweka dirishani nikatumia kioo chake kuvuta mwanga wa jua.

Binti yangu alikuwa na miezi minane alipovimba vidole vya mikono na miguu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yangu alikuja kutoka Mshangano, akamshika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu kachezewa. Mlipanga nyumba Msamala kwa watu msiowajua."

Sikumbishia. Kesho yake nilimchoma mtoto kidole, nikachukua tone moja la damu, nikalichanganya na dawa niliyoyeyusha asubuhi ileile. Dawa hiyo inainyima damu hewa. Nikafunika kwa kioo chembamba, nikaziba kingo kwa mafuta ya mgando, nikaendelea na kazi za wengine: malaria, choo, malaria tena. Niliporudi, chembe nyekundu ambazo zingepaswa kuwa duara zilikuwa zimerefuka na kuchongoka pande zote mbili, kama punje za mpunga. Si chache. Karibu zote.

Nilikaa pale mpaka mama mmoja aliyesubiri majibu akagonga mlango. "Dada, yangu bado?" Nikamwandikia majibu yake. Mwandiko ulitoka safi kama wa siku zote. Nilishangaa jambo hilo kwa miaka mingi.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyehamishiwa huku na serikali. Mimi mwenyewe nilimwita Mwalimu, kama kila mtu. Nilipima damu yake na yangu. Zote mbili zilikuwa na chembe zilizopinda, ingawa sisi hatukuwahi kuugua.

"Kwa hiyo tumempa sisi," alisema.

"Sisi wawili. Nusu kwako, nusu kwangu."

"Kila mtoto tutakayezaa, nafasi moja kati ya nne ya kuugua hivi," akasema, kisha akatoka nje akasimama uani. Hesabu ile aliifanya upesi, na hakuipenda.

Tukaishi na sikoseli. Tulijifunza kwamba baridi ndiyo adui mkubwa, na Songea ya mwezi wa sita ina baridi. Tulimvika soksi mbili mbili na sweta alizofuma mama. Maumivu yalipomjia aliniomba nimkande miguu kwa maji ya moto, asiseme kitu kingine. Kati ya maumivu na maumivu alikuwa mtoto mwenye maneno mengi kuliko wote pale mtaani.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye chuo cha maabara Dar es Salaam. Yeye alipata nafasi ya kwenda Ulaya, akaendelea kusoma mpaka akaingia katika maabara inayochunguza protini, vile vitu vidogo vinavyofanya kazi zote za mwili. Nilimwandikia nikamuuliza kama huko kuna dawa. Barua yake ilifika baada ya zaidi ya miezi miwili. Nilijua kwa unene wake kwamba hakuna dawa. Mwenye habari njema haandiki kurasa sita.

Alinieleza kitu ambacho chuoni tulikisoma kwa mstari mmoja tu. Protini inayobeba hewa ndani ya damu, kwa watoto kama wangu, ina kasoro ndogo mno upande mmoja. Ikishaachia hewa, inanata kwa mwenzake, na yule kwa mwenzake, mpaka zinasokotana kuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo ndizo zinazoipinda chembe. "Wewe unaona chembe imepinda," aliandika. "Sisi tunatafuta kile kinachoipinda."

Hadubini yangu isingeweza kuona kitu hicho, wala hadubini yoyote ya mwanga. Wao walichukua tone dogo la protini, wakaliweka juu ya wavu mdogo kuliko ukucha wa mtoto, wakalifyonza kwa karatasi mpaka libaki utando mwembamba, kisha wakalitumbukiza katika kimiminika chenye baridi isiyofikirika. Maji yaliganda ghafla, yakakosa hata muda wa kufanya chembechembe za barafu. Yalibaki laini kama kioo, na protini ndani yake imeshikwa vilevile ilivyokuwa. Badala ya mwanga walipitisha elektroni. Kila picha ilitoka hafifu, imejaa ukungu, kwa hiyo walipiga nyingi sana na kuzijumlisha kwa kompyuta mpaka umbo lijitokeze.

Alitia picha moja ndani ya bahasha. Ilikuwa ya kijivu, na katikati yake kulikuwa na nyuzi zimesokotana.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Aliichukua akaisogeza machoni.

"Mama, huu si ukili? Kama wa mkeka wa bibi."

"Ndicho kinachokuuma."

Aliitazama tena kwa muda. "Sasa si wazifungue?"

"Wanatafuta pa kuanzia."

"Waambie waanzie mwisho. Bibi akikosea anafumulia mwisho."

Mwalimu alicheka. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumsikia akicheka kwa nguvu ndani ya nyumba ile.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mvua ilimkuta njiani akitoka shule. Tulimvua nguo, tukamfunika blanketi mbili, lakini asubuhi alikuwa anapumua kwa shida na kushika kifua. Hospitali ilimlaza. Daktari alimtazama macho na viganja, akanivuta pembeni.

"Damu imeshuka sana. Anahitaji kuongezewa leo."

Walimu wenzake Mwalimu walikuja wanne. Mmoja, mtu mzima kutoka Tunduru, alikuwa wa kundi lile lile la damu la binti yangu. Akakunja mkono wa kanzu. "Chukueni yangu, Inshallah itamfaa."

Sikuweza. Vitendanishi vya kupimia ukimwi vilikuwa vimeisha wiki mbili kabla, na gari lililopaswa kuvileta lilikuwa limenasa kwenye matope barabarani. Mzee yule pengine alikuwa mzima kuliko sisi sote. Sikuwa na njia ya kujua. Nilimwambia hivyo machoni pake, naye akateremsha mkono wa kanzu polepole.

Ilibaki damu ya Mwalimu. Yeye alikuwa amepimwa mwezi mmoja nyuma alipomchangia mgonjwa mwingine. Lakini nusu ya damu yake ilikuwa na kasoro ileile. Daktari alijua, nami nilijua.

"Bora hiyo kuliko hakuna," alisema daktari. "Tumwekee?"

Nikasema tumwekee. Niliilinganisha mimi mwenyewe na ya mtoto, maana zamu ilikuwa yangu na hapakuwa na mwingine. Alipata nguvu kidogo, akaomba uji, akanywa vijiko vitatu. Siku ya pili, baada ya adhana ya mchana, alifariki. Mama yangu alikuwa anamkanda miguu. Aliendelea kumkanda kwa muda, na sisi hatukumzuia.

Tulimzika Mshangano.

Rafiki yangu alikuja likizo mwaka mmoja baadaye. Alifika hadi nyumbani kwa mama, akaamkia shikamoo, akakaa kwenye kiti bila kuegemea. Mama alimpa ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga. Alipomaliza kula nilimuuliza lile nililokuwa nalo moyoni.

"Zile picha zenu zimemponya nani?"

Alifikiri. Namshukuru kwamba hakunidanganya. "Bado hajapona mtu, dada. Labda si katika umri wetu."

"Basi mnafanya nini?"

"Tunaangalia," akasema, halafu akainamisha uso akalia, na mimi nikakasirika, kwa sababu nilitaka kumchukia lakini nikashindwa.

Nilirudi kazini na kukaa huko mpaka nilipostaafu. Watoto wengine waliletwa wamevimba vidole, na niliwaeleza wazazi wao taratibu, wote wawili wakiwa wamekaa, ili mmoja asije akamsingizia mwenzake au jirani.

Sisi hatukuzaa tena. Ndugu zake Mwalimu waliandika barua za kumshauri atafute mke mwingine, na huku kwetu watu walisema mimi ndiye niliyekataa. Mwalimu aliwajibu wote jibu moja, kwamba tuliamua wawili. Ilikuwa kweli, ingawa siku tuliyoamua hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.