Hatuhamishwi na Karo

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, ingawa mengi ya jana nimekwisha kuyasahau. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa bibi arusi wa miezi minne katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Zuhura, hapa hapa Tabora. Bwana afya alipita mtaani na kopo la rangi nyekundu. Alinusa uani kwetu, akachora alama mlangoni. Nyumba yoyote yenye alama ile ilikuwa ikivunjwa, na wenyewe wakihamishiwa nje ya mji.

Kosa lilikuwa langu. Uani palikuwa na karo la kuoshea vyombo, na bomba la udongo lililopeleka maji mtaroni. Kila siku nilimwaga humo mafuta ya supu na makombo ya ugali. Bomba likaziba, likanuka. Badala ya kusema, nikafunika karo kwa ungo na kufukiza udi pembeni. Ujana una mambo yake. Nilidhani pua za watu hudanganyika.

Bi Zuhura aliinua ungo, akatazama, akaniambia taratibu, "Mwanangu, udi hufukiziwa nguo iliyofuliwa. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nikalia, nikamwambia tufunge mizigo. Akanikazia macho.

"Baba yangu alibeba pembe za ndovu hadi pwani safari tatu ndipo akajenga hapa. Mimi nihamishwe na tundu lisilopita ngumi? Sihami. Kalete ufito."

Tulichokoa bomba mpaka mikono ikafa ganzi. Tukamwaga maji yanayochemka, mafuta yakalegea. Kisha akatia magadi yale yale ya kupikia maharage, viganja viwili, akaniamuru nikamulie ndimu juu yake. Povu likapanda likichemka kama chungu. Tukaliacha kwa muda, tukamwaga tena maji ya moto. Karo lenyewe tulilisugua kwa majivu na kumbi la nazi. Siku ya pili tukarudia.

Siku ya tatu bwana afya akaja na vibarua wawili wenye sururu.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuvunja."

"Marahaba. Inama kwanza unuse."

"Amri imekwisha kuandikwa."

"Basi kaiandike upya." Bi Zuhura akaketi juu ya karo, akakunja mikono. "Au waanze kunivunja mimi."

Nami nikaketi kando yake. Bwana afya akainama mtaroni penye mdomo wa bomba, akanusa. Kibarua mmoja naye akanusa, akasema, "Bwana, kwangu kunanuka kuliko hapa." Wakaondoka, na hawakurudi tena.

Mwanangu, mafuta usiyamwage karoni. Yafute kwa majivu uyatupe. Kila juma tia magadi, ndimu na maji ya moto. Hilo ni la mikono. La moyo ni hili: uchafu wako uukiri, uusafishe mwenyewe, wala usiufukizie udi. Lakini mtu asiufanye kisingizio cha kukupokonya kilicho chako. Ukishasafisha, keti hapo hapo, umtazame usoni.

Mungu akujalie mikono isiyoona kinyaa, na shingo isiyoinamia dhuluma. Amina.