Chumvi Juu ya Chuma

Tangu injini ya zamani ing'oke na kumvunja mtu mguu, Kioko, fundi wa pampu katika mashamba ya chumvi ya Marereni, hakuingia tena chumba cha injini bila moyo kumwenda mbio. Injini mpya ilikalia raba nne nene za kumeza mtikisiko, isije ikang'oka nayo. Kila Jumatatu alinyunyiza chumvi kwenye pembe za kitako chake ikiwa inanguruma. Penye raba nzima chembe zilitulia. Penye raba iliyokufa zilirukaruka hadi zikaanguka chini.

Jumatatu ile chumvi haikusogea. Akasema raba ni nzima, akaenda kunywa chai kibandani kwa Jedida.

Jedida alikuwa akikausha chumvi kikaangoni. "Mvua ya jana imeilowesha," alisema. "Inanata kama ugali."

Kioko akaweka kikombe chini. Chumvi yake nayo ilikuwa imelala nje. Haikutulia pale kwenye injini, ilinata tu. Akachota ya kikaangoni kwa kiganja, akakimbia huku ikimchoma.

Mzee Athman, mlinzi wa injini, alikuwa ameketi kwenye kona yake ya siku zote, kando ya pembe moja ya kitako.

"Shikamoo, mzee. Tafadhali toka nje."

"Marahaba. Si umesema nzima?"

Kioko alingoja mzee atoke, akanyunyiza. Pembe tatu zikabaki nyeupe. Kwenye pembe ya Mzee Athman, chuma kilibaki kitupu.

Mpini wa kuzimia injini ulikuwa kwenye pembe ile ile. Kioko akaunyooshea mkono.