Taa Iliyozimika Wakati wa Dua

Siku ya kwanza nilifika karakana ya Utende, hapa kisiwani kwetu, na mwanangu Salha mgongoni. Bosi wetu, Mhandisi Mkuu kutoka Dar, akauliza kama mimi ndiye mfagiaji. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne, fizikia nimefaulu, nimekuja kulehemu. Akacheka, akanipa kiti.

Wadogo zangu mnaotafuta kazi za elektroniki, kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza vifaa visivyohitaji betri. Mnara wa simu unamwaga mawimbi mchana na usiku. Antena inayadaka, rektifaya inayageuza kuwa umeme wa kwenda upande mmoja, kapasita inauhifadhi. Moyo wa rektifaya ni dayodi, mlango mdogo usioruhusu umeme kurudi. Mawimbi yakiwa dhaifu mlango haufunguki. Ndiyo maana tulichagua dayodi zinazofunguka kwa msukumo mdogo, tukafupisha njia za shaba, tukailinganisha antena na saketi ili mawimbi yasirudi yalikotoka. Mwisho tunapaka vanishi, maana chumvi ya huku inakula kila kitu.

Bosi alijua kufundisha, simnyimi haki yake. Lakini vipimo alifanya peke yake, sisi tukiwa nje. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mikono mingi inaharibu majibu. Sikuridhika.

Kifaa chetu cha kwanza kilikuwa cha zahanati ya Chole, kulinda friji la chanjo. Joto likipanda, kinapiga kengele. Cha zamani kilitumia betri, na kilikuwa kiondolewe siku ya makabidhiano. Salha alikuwa amebakiza sindano moja ya chanjo kutoka friji hilohilo. Kengele ikilala, dawa inaharibika bila mtu kujua, na mwanangu anachomwa maji matupu.

Siku hiyo zahanati ilijaa. Bosi alisimama kando ya kifaa, anaongea kwa video na wakubwa wake Dar, taa ya kijani ya kuonyesha kifaa kina umeme inawaka. Shehe akaomba tuanze kwa dua. Dua ikisomwa simu zinazimwa, na bosi naye akakata yake. Mikono ikainuliwa. Mimi nilikodoa macho. Taa ikafifia, ikazimika. Tukaitikia amina, bosi akapiga tena, taa ikawaka.

Nikasimama. "Bosi, naomba hiyo simu uipeleke nje."

"Mama Salha, kaa. Tutaongea karakanani."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ikiwa karibu na antena inaushinda mnara wa mbali. Itoe. Mwanangu anachomwa hapa."

Mama mmoja nyuma akauliza kama simu nayo imelipwa posho. Watu wakacheka, bosi hakucheka. Muuguzi akanyoosha mkono, akaipokea simu, akatoka nayo mpaka ufukweni. Taa ikazimika, safari hii moja kwa moja. Aliporudi akasema cha betri kinabaki.

Bosi alisema amekosea tu, hakujua mnara uko mbali hivyo. Labda. Mbona wakati wa vipimo alitutoa nje, akabaki ndani na simu yake? Kesho yake nikaambiwa kazi imepungua. Imepungua kwangu peke yangu.

Basi nimestaafu kabla ya mvi. Rektifaya yenyewe si uongo; nimejaribu moja chini ya mnara wa Kilindoni, simu nimeiacha nyumbani, ikawaka. Ninyi kipimeni kifaa mwenyewe akiwa mbali, na simu yake.

Salha alichomwa sindano yake. Kabla sijamfunua paja, nilikagua betri, kisha nikatazama mikono ya kila aliyekuwa chumbani, kama kuna aliyeshika simu.